Udongo Uendao na Maji: Hesabu ya Rubona kwa Miaka Ijayo

Ipo mali ambayo huibwa bila mlango kuvunjwa wala mbwa kubweka. Mwenyewe huwa amelala, mvua inapiga juu ya bati, na akiamka asubuhi shamba liko pale pale na mipaka yake ni ile ile. Kilichopungua ni udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, labda kwa unene wa milimeta moja. Macho hayawezi kuona upungufu huo. Hata hivyo milimeta moja ya udongo iliyotandazwa juu ya hekta moja ni meta 10 za ujazo, na uzito wake hufika tani 12 hivi. Huo ni mzigo wa lori kubwa, na umeondoka bila dereva.

Je, yawezekana kujua mapema ni malori mangapi ya namna hiyo yatakayoondoka miaka 20 au 50 ijayo, mvua ikizidi kuwa kali na watu wakizidi kulima milima? Wataalamu wa ardhi wanajibu kwamba yawezekana, kwa kiasi. Hesabu yao haihitaji elimu ya chuo kikuu ili kueleweka. Mama anayejua kupima unga na maji ya ugali anaweza kuifuata, na akiisha kuifuata ataona kwamba sehemu kubwa ya jibu imo mikononi mwa watu wenyewe. Mahali pazuri pa kujifunzia jambo hilo ni Rubona, kando ya Ziwa Kivu.

MTO UNAOBEBA MLIMA

Rubona inayozungumzwa hapa ni ile iliyo kusini kidogo ya mji wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda. Isichanganywe na Rubona nyingine ya upande wa Huye, kusini mwa nchi hiyo, ambayo inajulikana kwa kituo chake cha utafiti wa kilimo. Rubona ya Ziwa Kivu ina bandari, ina wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza, ina chemchemi za maji moto, na ina kiwanda cha bia kilichoanzishwa mwaka 1957.

Sehemu hizo hizo ndizo Mto Sebeya unapomwaga maji yake ziwani. Mto huo si mrefu, lakini mteremko wake ni mkali. Unaanzia katika milima ya Wilaya ya Rutsiro na kushuka zaidi ya meta 1,000 kabla ya kulifikia ziwa, ambalo lenyewe liko kiasi cha meta 1,460 juu ya usawa wa bahari. Njiani unapokea vijito kutoka wilaya za Ngororero, Nyabihu na Rubavu. Maji yake huendesha mitambo midogo ya umeme, na ndiyo yanayosafishwa katika mtambo wa Gihira ili wakazi wa Gisenyi na jirani zake wapate maji ya bomba.

Masika yanapoingia, Sebeya hugeuka rangi ya chokoleti. Tope likizidi, mtambo wa maji hulazimika kutumia dawa nyingi zaidi ya kulituliza, na mara nyingine kupunguza kazi au kusimama. Bomba likikauka, mama wa nyumbani huchukua ndoo na kushuka mtoni, na maji anayoyateka huyaacha usiku kucha ili tope lizame. Uchafu huo ni shamba la mtu. Viazi vya mkulima wa Rutsiro vimenyimwa chakula, na chakula hicho sasa kimelala chini ya ndoo ya mwanamke wa Rubavu ambaye hawafahamiani. Ni kweli kwamba machimbo ya madini yaliyo katika milima hiyo nayo yamechangia tope, lakini mashamba ndiyo yaliyotandaa kila upande.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 haukuwa wa tope peke yake. Mvua kubwa ilinyesha katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini ya Rwanda. Sebeya ilifurika na kuingia majumbani, na milima ikaporomoka juu ya nyumba. Watu zaidi ya 130 walifariki katika nchi nzima na nyumba zaidi ya 5,000 ziliharibiwa kabisa. Tarehe 4 Mei, upande wa pili wa Ziwa Kivu, mafuriko ya Kalehe katika Kongo yaliua watu zaidi ya 400. Tangu hapo swali la miaka ijayo limekuwa swali la kila nyumba iliyo bondeni.

TONE MOJA LA MVUA

Wanyarwanda wana neno moja la mmomonyoko wa udongo unaoletwa na maji: isuri. Mitaro ya kuupinga huitwa imirwanyasuri, yaani ipiganayo na isuri. Jina hilo linafaa, maana ni vita hasa, na adui wa kwanza ni tone la mvua.

Tone linapoanguka juu ya udongo mtupu hupiga kama nyundo ndogo. Chembe za udongo hutawanyika, na zile nyembamba huziba vitundu ambamo maji yangepenya. Maji yaliyozuiwa kuingia ardhini huanza kutembea juu yake. Kwanza hutembea kama shuka nyembamba, kisha hujikusanya katika vijifereji, na vijifereji vikiachwa misimu kadhaa huwa korongo. Mahali penye majani, matandazo au mimea iliyosongamana, tone huangukia jani kwanza na nguvu yake huvunjika. Ndiyo maana vita hivi hushindwa au kushinda kabla maji hayajaanza kutiririka.

Jambo hilo lilipimwa Afrika Mashariki mapema sana. Huko Mpwapwa, Tanganyika, katika miaka ya 1930, wataalamu walitenga vipande vya ardhi na kukinga maji na udongo uliotoka katika kila kimoja. Kipande kilichoachwa kitupu kilipoteza karibu nusu ya maji ya mvua yaliyokiangukia. Kipande chenye kichaka kisichochungwa mifugo hakikupoteza hata asilimia 1. Mvua ilikuwa moja, na mahali palikuwa pamoja.

NAMBA ZINAZOZIDISHWA

Huko Marekani vipimo vya namna hiyo vilifanywa kwa miongo mingi na katika vituo vingi, hasa baada ya vumbi na mmomonyoko kuwafilisi wakulima katika miaka ya 1930. Wataalamu wawili, Walter Wischmeier na Dwight Smith, walikusanya matokeo yote wakatoa kanuni moja ya hesabu. Ilichapishwa mwaka 1965, ikarekebishwa mwaka 1978, na imeendelea kufanyiwa marekebisho. Hesabu nyingi zinazofanywa leo kwa kompyuta na picha za satelaiti, Rwanda ikiwamo, zina kanuni hiyo ndani yake.

Kanuni yenyewe ni kuzidisha namba sita. Ya kwanza ni nguvu ya mvua, ya pili ni wepesi wa udongo kubomoka, ya tatu ni urefu wa mteremko, na ya nne ni ukali wa mteremko huo. Namba ya tano ni kifuniko cha ardhi, yaani kama pana msitu, majani, mahindi au udongo mtupu. Ya sita ni kazi ya mikono ya kuhifadhi ardhi, kama vile kulima kwa kukingama mteremko, makinga maji na matuta ya ngazi. Namba hizo zikizidishwa zote pamoja, jibu ni tani za udongo zinazoweza kuondoka katika hekta moja kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mingi.

Ni muhimu kuelewa kwamba namba hizo huzidishwa, hazijumlishwi. Katika kujumlisha, jambo moja kubwa humeza mengine yote. Katika kuzidisha, atakayepunguza namba yoyote kwa nusu amepunguza jibu lote kwa nusu, hata kama namba nyingine hazikuguswa. Mwanadamu hawezi kuiamuru mvua, wala kubadili asili ya udongo, wala kulaza mlima chini. Lakini namba ya tano na ya sita ni zake, na hata urefu wa mteremko anaweza kuukata kwa kinga maji kila baada ya hatua kadhaa.

MIAKA INAYOKUJA

Utabiri wa miaka ijayo hufanywa kwa kubadilisha namba mbili katika kanuni ile: nguvu ya mvua, kutokana na mabadiliko ya tabia ya nchi, na kifuniko cha ardhi, kutokana na watu kukata misitu, kulima, kujenga au kupanda miti upya.

Kuhusu mvua, sababu ni ya kifizikia. Joto la hewa linapopanda kwa digrii 1 ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Mvuke huo unaporudi chini, hurudi kwa kishindo. Mwaka wenyewe waweza kuwa na mvua ile ile kwa jumla, lakini ikanyesha katika siku chache na kwa ukali zaidi. Kwa udongo, mvua ya milimeta 60 inayoshuka kwa saa moja si sawa na milimeta 60 zinazoshuka kwa siku tatu.

Mwaka 2020 kundi la wanasayansi wa nchi mbalimbali lilitoa hesabu ya dunia nzima kutoka mwaka 2015 hadi 2070. Walikadiria kwamba mwaka 2015 maji yalikuwa yakiondoa udongo wa tani bilioni 43 kwa mwaka. Kisha wakaangalia njia tatu ambazo dunia inaweza kuzifuata. Kwa matumizi ya ardhi peke yake, mmomonyoko waweza kupungua kwa asilimia 10 dunia ikijitunza, au kuongezeka kwa asilimia 10 ikijiachia. Lakini mvua kali zaidi inapoingizwa katika hesabu, ongezeko ni kati ya asilimia 30 na 66.

Msomaji wa haraka anaweza kukata tamaa hapo na kusema kwamba mvua imekwisha shinda. Haifai kusoma hivyo. Wastani wa dunia huchanganya nchi inayokata msitu na nchi inayopanda, hivyo mabaya na mazuri hufutana, na mabadiliko ya ardhi huonekana madogo. Kwenye mlima mmoja hayafutani. Katika vitabu vya kanuni ile, ardhi tupu iliyotifuliwa hupewa namba 1, shamba la mazao ya msimu hupewa sehemu kadhaa za kumi, na msitu mnene hushuka hadi kiasi cha sehemu moja ya elfu. Anayekata msitu na kupanda viazi hajaongeza asilimia 66. Ameongeza mara mia na zaidi.

Milima iliyo juu ya Rubona imeyaona hayo. Katika miaka ya 1970 msitu wa asili wa Gishwati ulikuwa na hekta 28,000 hivi. Miaka ya 1980 sehemu kubwa iligeuzwa malisho na mashamba ya miti katika mradi uliopata fedha za Benki ya Dunia. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, watu wengi waliorejea kutoka uhamishoni bila ardhi walipata makazi humo. Wasilaumiwe, maana mtu hawezi kula kivuli cha mti na watoto wake wana njaa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimesalia hekta 600 hivi za msitu wa asili. Tangu hapo kazi ya kuurudisha imefanyika, na tangu mwaka 2015 mabaki yake yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura.

Sasa chukulia mfano wa hesabu tu. Shamba la mlimani linapoteza tani 40 kwa hekta kila mwaka. Mvua ikazidi kwa kiasi kile kibaya kabisa, asilimia 66, upotevu unakuwa tani 66 na kidogo. Mwenye shamba akaweka matandazo na kuchanganya mazao hata akapunguza namba ya kifuniko kwa nusu, zinabaki tani 33. Akachimba makinga maji na kupanda majani ya tembo kwenye kingo, namba ya sita nayo ikapungua kwa nusu, zinabaki tani 17 hivi. Mvua imekuwa mbaya kuliko zote zilizotabiriwa, lakini shamba linapoteza chini ya nusu ya lile la kwanza.

WATABIRI WANAPOTOFAUTIANA

Haifai kuficha kwamba hesabu hizi hutofautiana sana. Mwaka 2016 watafiti walikadiria kwamba Rwanda hupoteza udongo wa tani milioni 595 kwa mwaka, na karibu asilimia 95 yake hutoka katika mashamba. Mwaka 2022 taarifa nyingine, iliyotolewa na Bodi ya Maji ya Rwanda pamoja na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, ilitaja tani milioni 27. Tofauti hiyo ni ya zaidi ya mara 20.

Kwa nini? Kwa sababu kanuni ya kuzidisha hukuza makosa kama inavyokuza faida. Anayekadiria kila namba juu kidogo hupata jibu kubwa mno. Kanuni yenyewe ilitokana na vipande vya ardhi vilivyolinganishwa na kipimo cha urefu wa meta 22 na mteremko wa asilimia 9, na milima mingi ya Rutsiro ina mteremko mkali zaidi ya huo mara kadhaa. Isitoshe, upo mtafiti anayeyahesabu makinga maji yaliyokwisha kuchimbwa, na yupo asiyeyahesabu.

Lakini hesabu hizo mbili zinakubaliana kuhusu mahali. Zote zinanyosha kidole kwenye mashamba ya miteremko mikali ya milima. Taarifa ya mwaka 2022 ilisema kwamba zaidi ya hekta milioni 1 za nchi ziko katika hatari kubwa, na wilaya za Ngororero na Rutsiro ni miongoni mwa zilizo mbaya zaidi. Huko ndiko yanakotoka maji ya Sebeya. Basi mtu asitumie utabiri huu kama mizani ya dukani inayompa kila mtu gramu zake. Autumie kama taa inayoonyesha pa kuanzia kazi.

Lipo pia tatizo la vipimo. Baada ya mwaka 1994 vituo vingi vya kupimia mvua nchini Rwanda vilinyamaza, na pengo la miaka 15 hivi likabaki katika daftari za hali ya hewa. Baadaye wataalamu wamejitahidi kulijaza kwa kuchanganya picha za satelaiti na vipimo vilivyopatikana. Mwezi Juni 2023 kundi la kimataifa la wanasayansi lilichunguza kama mabadiliko ya tabia ya nchi yalichangia mvua zilizoua watu kandokando ya Ziwa Kivu. Likasema wazi kwamba haliwezi kujibu, kwa sababu vipimo vya mvua vya eneo hilo havikutosha. Watu mamia wamekufa, na kilichokosekana ili kujua sababu ni kopo la kukingia mvua na mtu wa kuandika kila asubuhi.

YASIYOMO KATIKA KANUNI

Kanuni ile huhesabu udongo unaoondoka kwa shuka na kwa vijifereji. Haihesabu makorongo makubwa, kingo za mto zinazobomoka, wala maporomoko ya mlima. Tena hutoa wastani wa miaka mingi, na wastani haumwonyi mtu juu ya usiku mmoja kama ule wa Mei 2023.

Maporomoko yana tabia yake. Mwezi Februari 1970, Mgeta katika milima ya Uluguru, nchini Tanzania, mvua ya saa chache tu ilileta maporomoko zaidi ya 1,000. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba karibu yote yalianzia katika mashamba na malisho, na machache sana ndani ya msitu. Mizizi mirefu ya miti huushika mlima kama misumari, kazi ambayo mizizi ya maharage haiwezi.

Kwa hiyo dawa ya mmomonyoko si lazima iwe dawa ya maporomoko. Mtaro unaokinga maji ili yazame ardhini ni mzuri katika mteremko wa wastani. Ukichimbwa katika mteremko mkali mno wenye udongo mzito, maji yaliyozama huongeza uzito na utelezi, na mlima waweza kushuka wote. Ndiyo sababu miongozo ya Rwanda hugawa kazi kwa ukali wa mteremko. Kwa jumla, matuta ya ngazi yaliyosawazishwa hufaa mteremko wa asilimia 16 hadi 40, ngazi nyembamba hufaa asilimia 40 hadi 60, na palipozidi asilimia 60 hapafai jembe, panafaa miti.

NANI ALIPE?

Hapa ndipo penye mgogoro wenyewe. Mkulima wa mlimani ana shamba lisilofika hata hekta moja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Wanyarwanda milioni 13.2, yaani watu 503 kwa kila kilometa moja ya mraba. Kila mtaro unaochimbwa humnyang'anya mistari kadhaa ya viazi. Matuta ya ngazi humgharimu zaidi, kwa kuwa wakati wa kuyachonga udongo wa chini usio na rutuba huletwa juu. Bila samadi nyingi, na chokaa mahali penye udongo mchachu, mavuno ya misimu ya kwanza huanguka.

Faida ya kwanza haimwendei yeye. Inamwendea mama wa Gisenyi anayepata maji safi bombani, mwenye mtambo wa umeme ambao haukujaa mchanga, na familia iliyojenga bondeni. Haki haitendeki iwapo wa juu atabeba jembe na gharama peke yake, na wa chini akabaki kungoja maji maangavu. Katika bonde la Sebeya hilo limeanza kutambuliwa. Mradi ulioanza mwaka 2019 kwa fedha za Uholanzi uliwakalisha wanakijiji wenyewe kupanga matumizi ya kila mlima wao, na kazi ya kuchimba na kupanda ikawapatia ujira. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi nao umechimba mitaro mingi.

Hata hivyo mtaro si jengo la kumalizwa na kuachwa. Usipofukuliwa tope kila msimu hujaa, na mtaro uliojaa hufurikia mahali pamoja na kuchonga korongo. Fedha za kuanzisha hupatikana kwa sherehe. Jembe la kutunza mwaka wa tano na wa kumi ndilo hukosa mwenyewe. Utabiri wa mwaka 2070 utategemea zaidi jembe hilo kuliko mashine yoyote ya kuhesabu.

KAZI ZA NYUMBANI

Yapo mambo ambayo kila nyumba iliyo mlimani, iwe Rubona, Lushoto au Kabale, yaweza kuyafanya bila kungoja mradi.

La kwanza ni maji ya paa. Milimeta 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Paa la meta 40 za mraba, katika mvua ya milimeta 30, humwaga lita 1,200, ambazo ni ndoo 60 za lita 20. Maji hayo yakiachwa yaanguke ovyo huchimba uchochoro na kumbomolea jirani wa chini. Yakikingwa kwa mfereji wa bati na kuingizwa katika pipa au tangi, humpunguzia mama safari za mtoni siku zile ambazo bomba limekauka.

La pili ni kutoacha udongo uchi wakati mvua zinapoanza. Huko Rubavu mashamba hutifuliwa kwa ajili ya viazi karibu na Machi na Septemba, na ndiyo miezi mvua zinapoingia. Mabua na majani ya mavuno yaliyopita yasichomwe. Yatandazwe katikati ya mistari. Matuta ya viazi yakingame mteremko, yasishuke nao.

La tatu ni majani ya tembo, ambayo Wanyarwanda huyaita urubingo, yapandwe juu ya kingo za mitaro. Huko Rwanda familia nyingi maskini zimepata ng'ombe tangu mwaka 2006 kwa mpango uitwao Girinka, na ng'ombe hao hufugwa zizini. Majani ya kingoni humlisha ng'ombe, samadi ya ng'ombe hurudisha rutuba ya tuta lililochongwa, na mizizi hushika ukingo. Hivyo mistari ya viazi iliyotolewa kwa mtaro hurudi nyumbani kama maziwa.

La nne ni kupima, na kazi hiyo yafaa kupewa watoto wanaosoma. Kijiti kigumu kichomekwe shambani na kutiwa alama pale kinapogusana na udongo. Baada ya masika alama ikionekana juu ya udongo, unene ulioondoka umejulikana. Kopo lenye pande zilizonyooka likingwe mahali pa wazi, na kila asubuhi saa ile ile maji yake yapimwe kwa rula na kuandikwa katika daftari. Chupa angavu ijazwe maji ya mfereji wa shamba siku ya mvua, iachwe usiku kucha, na kina cha tope kilinganishwe na cha mwezi uliopita. Daftari la namna hiyo likitunzwa shuleni kwa miaka 10 litakuwa na thamani kubwa kwa wataalamu watakaokuja kuuliza.

Maji yakimwagika hayazoleki, na udongo ni hivyo hivyo. Udongo uliokwisha kuingia katika Ziwa Kivu hautapanda tena hadi Rutsiro. Ila ule uliobaki bado umeshikwa na mizizi, na mvua za Septemba bado hazijanyesha. Kabla hazijafika, mitaro ifukuliwe.